Siku Tulipoombea Jua Brussels

Vijana wangu wa ofisini, siku ile ya keki ya kuniaga mliniomba niwaandikie kidogo jinsi kazi yetu ilivyokuwa kabla yenu. Sasa nakaa nyumbani Etterbeek, hapa hapa Brussels. Mke wangu ameshanionyesha zaidi ya mara moja mahali pa kuweka vikombe, kwa hiyo nimeona heri nikae chini niandike. Habari za vyeo nitaziacha, maana vilikuwa vichache. Za mshahara nitaziacha pia, maana mke wangu anazikumbuka vizuri kuliko mimi. Namshukuru Mungu kwa yote mawili.

Huenda karatasi hizi zikasomwa na mtu wa nje, basi niseme kwa ufupi kazi yenyewe ilikuwa nini. Shirika letu lina ofisi katika mtaa wa taasisi za Ulaya, hatua chache kutoka kituo cha metro cha Schuman. Linatafuta vijana wa Afrika wenye biashara ndogo zinazowasaidia watu kuishi na mabadiliko ya tabianchi: mvua zinazokuja bila kupiga hodi, maziwa yanayopanda hadi sebuleni, mashamba yanayokauka wakati ambapo babu zetu walikuwa wanapalilia. Kijana anaandika mradi wake, kamati inausoma, na walio bora wanaitwa Brussels kuueleza kwa dakika tano. Mimi nilikuwa mtu wa katikati. Niliwapokea uwanja wa ndege, niliwatafutia makoti, niliwaandaa, kisha nikasimama kati yao na kamati nikitafsiri huku na huku.

Niliingia kazi hiyo nikitoka kufundisha dini. Nilisoma seminari Bukavu, nikaondoka kwa amani kabla ya upadri, nikaoa, nikafundisha katekisimu, halafu vita vikatuleta huku. Siku ya kwanza nilivaa suti niliyofungia ndoa. Nilipokelewa na Madame Godelieve, Mbelgiji mrefu wa Kiflamandi ambaye hakupenda maneno mengi katika lugha yoyote, na alizijua lugha nyingi. Alinikabidhi saa ya jikoni yenye umbo la kuku, ile ya kupimia mayai yanapochemka.

“Hii ndiyo kazi,” akasema. “Ikilia, anakaa.”

Kijana wangu wa kwanza alikuwa Mtanzania wa Kigoma aliyetengeneza makaa kutokana na mabaki ya mawese, ili watu waache kukata miti. Alisimama, akafunga kifungo cha koti. Aliisalimia kamati. Alimshukuru Mungu aliyemfikisha salama, akaishukuru kamati, akaishukuru serikali ya Ubelgiji kwa viza na serikali yake kwa pasipoti. Aliwaletea salamu za wazazi, za mwenyekiti wa mtaa, na za wanakikundi ambao kwa bahati mbaya hawakuweza kusafiri. Akawapa pole kwa baridi. Kuku akalia. Kijana akainama kwa heshima, akakaa, ameridhika kabisa.

Mjumbe mmoja wa kamati aliniuliza kama naweza kumwuliza anafanya biashara gani.

“Nilikuwa nakuja huko, mzee,” akanijibu kijana. “Ndo nilikuwa naingia kwenye business yenyewe.”

Hakupata kitu. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa na huzuni, kwa sababu makaa yake yalikuwa mazuri na hotuba yake, kwa kipimo cha kwetu, haikuwa na kosa hata moja. Nilifikiri siku kadhaa, kisha nikatengeneza utaratibu ambao naona bado mnautumia, ingawa hamjui ulikotoka. Kamati yote ilikuwa inangoja kwenye korido, mlangoni pa lifti. Kijana alipofika alisalimia kila mtu kwa mkono, akashukuru wote, akafikisha salamu zote za nyumbani, nami nikatafsiri taratibu bila kuku. Sala tulikuwa tumeshaimaliza chini, karibu na mashine ya kahawa. Kwa hiyo alipoingia chumbani hakubakiwa na lingine isipokuwa biashara. Kamati ilidhani ni desturi ya Afrika. Vijana walidhani ni desturi ya Ubelgiji. Mimi sikumsahihisha yeyote.

Jambo la pili lililonitesa ni ile sehemu ya fomu ya maombi inayouliza hatari za mradi. Madame Godelieve alinirudishia bahasha nzima siku moja. Kijana wa Goma aliyekuwa na biashara ya mbegu zinazovumilia ukame alikuwa ameandika: “Hatari: hakuna, katika jina la Yesu.” Wa Lubumbashi aliandika: “Tunakataa.” Dada mmoja aliacha nafasi tupu, akachora msalaba mdogo.

“Wanatuficha?” aliuliza Godelieve.

“Hawafichi, Madame. Nani atakaa aandike kwa mkono wake mwenyewe kwamba biashara yake itakufa? Ni kama kuialika.”

“Mimi nahitaji kujua kitakachoharibika.”

Nilikwenda kuomba juu ya jambo hilo, na jibu lilikuja nikiwa kwenye foleni ya mkate. Katika karatasi ya Kiswahili nilifuta neno “hatari”, nikaandika “Mambo ya kuombea”. Awamu iliyofuata vijana walijaza kurasa. Waliombea mafuriko, wezi wa betri, bei ya mbolea, mjomba mwenye ardhi anayebadilika badilika, na mtaji ambao mume alikuwa anauangalia kwa jicho lisilo zuri. Godelieve alisoma zote. Alisema hajawahi kuona uchambuzi wa hatari uliokamilika namna ile. Neno hilo bado liko, msiliondoe.

Sasa nifike kwa Mapendo, maana najua ndiye mliyetaka niandike habari zake, na kila mmoja wenu anazisimulia kwa namna yake na wote mnakosea.

Mwaka ule kamati ilikuwa imechoka na picha. Vijana walishajua kutengeneza picha nzuri mno kwenye kompyuta. Tangi moja la maji lililoonekana refu kama nyumba lilipotembelewa lilikutwa linafika magotini. Ikaamuliwa kwamba kila aliyeingia duru ya mwisho alete kifaa chenyewe Brussels, kifanye kazi mbele ya macho ya watu, juu ya paa la ofisi yetu ambalo ni bapa na lina bomba la maji na mwonekano mzuri wa mapaa mengine.

Mapendo alitoka Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa binti mwembamba, mwenye sauti ya chini na macho ya mtu anayepima kila kitu kama kinaweza kufunguliwa kwa bisibisi. Kwao wanawake wanaishi kwa kukausha ndagala, wale samaki wadogo ambao Watanzania huwaita dagaa. Walikuwa wanawaanika juu ya mchanga. Kisha ziwa lilipanda likameza mchanga, na mvua zikawa hazina mwezi wake. Samaki wanaoza wakiwa kwenye mikeka. Mapendo na wenzake walibuni kikaushio: sanduku lenye miguu mirefu, kifuniko kinachopitisha mwanga, nyavu ndani, mawe meusi ya kutunza joto chini yake, na kando yake jiko dogo la pumba za mpunga linalopuliza hewa ya moto bila moshi kuwagusa samaki. Mimi nilisoma maelezo hayo, na kichwani mwangu likabaki neno moja: jua.

Jumapili kabla hajafika nilitazama utabiri wa hali ya hewa. Mvua Jumatatu, mvua Jumanne, mvua wiki nzima. Ilikuwa Aprili, na kamati ilikuwa imepanga kupanda paa siku ya Alhamisi. Baada ya ibada nilimweleza Maman Stéphanie, mwenyekiti wa kundi la maombi katika kanisa letu. Yeye ana duka la samaki na unga wa muhogo pale barabara ya Chaussée de Wavre, katika mtaa wa Wakongo wa Matonge, na hakuna shida ambayo hajawahi kuibeba kwa mikono yote miwili.

“Alhamisi,” akasema. “Saa ngapi?”

“Saa tisa mchana.”

“Bon. Niachie.”

Maman Stéphanie haombi kwa jumla. Alisimama na kina mama wenzake, akamtajia Mungu siku, akamtajia saa, akamtajia paa, na kwa kuwa Brussels ina mapaa mengi akamtajia na jina la barabara. Aliomba jua kali, jua la kwao Kalemie, lisilo na wingu hata la mapambo. Kisha wakaanza kufunga hadi Alhamisi. Yeye mwenyewe aliacha na sukari, jambo ambalo wateja wake wote walilitambua.

Mapendo akafika Jumatatu, akakaa kwetu. Mawe yake yalikuwa yamebaki Bujumbura kwenye mizani ya uwanja wa ndege, kwa hiyo nilimpeleka kwenye duka la vitu vya bustani. Alisimama mbele ya magunia ya mawe, yameoshwa na kupangwa kwa rangi.

“Papa Déo, haya mawe banayauzisha?”

“Wanayauza kwa kilo.”

“Na batu banalipa?”

“Wanalipa.”

Alipima jiwe moja kiganjani. “Bon. Basi mie nilikosea biashara.”

Pumba za mpunga hatukuzipata, tukachukua zile punje za mbao wanazotumia hapa kwenye stovu. Njiani kurudi, mvua ikitupiga, aliniambia kwa nini ana haraka. Wenzake aliofanya nao kazi walikuwa wanamsubiri. Msimu mkubwa wa mvua unaanza mwezi wa tisa. Wasipokuwa na vikaushio vya kutosha kabla ya hapo, wale vijana watakwenda kwenye machimbo ya dhahabu milimani. Mmoja alishakwenda mwaka uliopita, udongo ukamfunika. Aliitwa Bienvenu, ndiye aliyekuwa fundi wao wa kuchomelea.

“Kama narudi mikono mitupu, sitabapata tena, papa,” alisema. “Na sitaweza kubalaumu.”

Jumanne ilinyesha. Jumatano ilinyesha zaidi. Nilimkuta amesimama dirishani jikoni, anaangalia maji yanavyoteremka kwenye kioo, anaimba kwa sauti ya chini.

“Hii mvula iko muzuri, papa,” akaniambia.

Nikamwonea huruma. Nilimwambia mke wangu kwamba mtoto yule anajikaza ili asituhuzunishe. Nikamrudia, nikamwekea mkono begani.

“Usiwe na hofu ya kesho, mwanangu. Kanisa zima tumeiombea.”

“Aksanti sana, papa. Na mie niliomba.”

Basi tukaachana kwa amani, kila mtu na ombi lake.

Alhamisi niliamka nikakuta chumba kimejaa mwanga. Nimeishi mji huu miaka mingi na sijaona asubuhi kama ile. Hapakuwa na wingu. Majirani walikuwa wametoa viti kwenye balkoni. Kwenye bustani ya Cinquantenaire watumishi wa taasisi, ambao siku zote huonekana wakikimbia na makabrasha, walikuwa wamelala kwenye majani kama nguo zilizoanikwa. Niliingia jikoni nikiimba zaburi. Mapendo alikuwa dirishani tena, lakini safari hii haimbi.

“Papa, mvula iko wapi?”

“Imeondoka, mwanangu. Bwana amesikia.”

“Amesikia nani?”

Nikamweleza kwa furaha yote. Kundi la maombi, kufunga, sukari ya Maman Stéphanie. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kama vile daktari anavyomsikiliza mgonjwa aliyekunywa dawa ya jirani.

“Papa,” akasema taratibu, “kukausha samaki kwa jua, hata mama yangu anaweza, na haitaji mashine. Anatandika mukeka. Siye tunauzisha siku ya mvula. Njo maana nilifurahi wiki yote. Nilisema, Mungu ananipendelea, ananinyeshea hapa kwa Bazungu ili baone.”

Nilivuta kiti nikakaa. Mke wangu, aliyekuwa anakaanga mayai, alizima jiko, akatoka, nikasikia mlango wa chumba cha kulala umefungwa na yeye anacheka kwenye mto.

Tulikwenda. Tukapanga sanduku juu ya paa, tukaweka samaki wadogo wa bahari ambao Maman Stéphanie alikuwa ametutengea. Saa tisa kamati ikapanda, wote wamevaa miwani ya jua. Ndani ya sanduku samaki walikuwa wamekauka vizuri sana. Kwa bahati mbaya Monsieur Willy, mtunza jengo, alikuwa ameanika taulo zake juu ya ukuta wa paa, nazo zilikuwa zimekauka vizuri sana.

Madame Godelieve, ambaye wakati huo alikuwa ameshakuwa mwenyekiti wa kamati, alitazama sanduku, akatazama taulo.

“Papa Déo, mwambie Mapendo kifaa chake ni kizuri. Lakini leo hata viatu vyangu vingekauka. Karatasi yake inasema kinafanya kazi kwenye mvua. Hicho ndicho nilitaka kuona.”

“Nasi tulitaka hivyo hivyo,” nikasema.

“Anasafiri lini?”

“Jumamosi.”

“Basi kesho tutapanda tena. Kama hakuna mvua, naliweka faili lake kwa mwaka ujao. Siwezi kupitisha kitu ambacho kamati haikukiona.”

Nilimtafsiria Mapendo. Hakulia wala kubishana. Aliuliza tu kama mwaka ujao ni kabla ya mwezi wa tisa au baada, ingawa alijua.

Utabiri ulionyesha jua Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Nilikwenda moja kwa moja Matonge. Maman Stéphanie alikuwa dukani anakula biskuti, kwa sababu mfungo ulikwisha kwa ushindi, na alinipokea kwa kunyoosha mikono yote juu.

“Papa Déo, uliona?”

“Niliona, Maman. Sasa tunahitaji mvua.”

Mikono ikashuka. Nikaeleza. Alitafuna polepole.

“Attends, ngoja kwanza. Tulifunga siku ine. Leo asubui tulipiga simu mpaka Kalemie kutoa ushuhuda. Sasa nirudie Mungu nimuambie nini? Qu'on s'est trompé de commande, kama tulikosea kuagiza chakula? Papa, Mungu haiko garçon wa restaurant.”

“Yuko nabii mmoja aliyeomba mvua isinyeshe, kisha akaomba inyeshe, na akajibiwa mara zote mbili.”

“Eeh. Na kati kati kulipita miaka mitatu na nusu. Wewe njo ulitufundisha. Wewe hata siku moja haujamaliza.”

Ni kweli nilifundisha. Nilikaa juu ya gunia la maharage. Seminari walitufundisha kumwomba Mungu mapenzi yake yatimizwe, na hapa tulikuwa tumempelekea ratiba.

“Na mutoto mwenyewe aliomba nini?” akauliza Maman Stéphanie.

“Mvua.”

“Donc alikuwa peke yake, siye tulikuwa kundi muzima.” Alitikisa kichwa, ana haya kidogo na anajivuna kidogo. “Pauvre petite, mutoto maskini. Tulimushinda kwa hesabu.”

Alikunja pakiti ya biskuti, akaifunga kwa mpira, akafikiri.

“Niambie, Papa Déo. Huyo mutoto anataka mvula ya Mungu, ao anataka maji?”

“Anataka maji yanayotoka juu.”

“Bon, alors. Kuomba kinyume ya ombi letu, hapana, siwezi. Lakini tulifunga kula, hatukufunga mikono.”

Ijumaa asubuhi, kwa jua lile lile kali, kina mama wa kundi la maombi walitoka metro ya Schuman wamevaa vitenge vya Jumapili, mikononi wana ndoo, beseni na zile ndoo zenye mdomo wa matundu za kumwagilia maua. Mlinzi wa mlango wetu aliwauliza wamekuja kwa shughuli gani.

“La pluie, monsieur,” akajibu Maman Stéphanie, yaani mvua.

Mlinzi alitazama nje. Akatazama ndoo. Akawapa beji.

Juu ya paa Mapendo alikuwa ameshatandika turubai kubwa juu ya miti ili jua lisiguse sanduku, asije mtu akasema jua ndilo lililofanya kazi. Alikuwa ameweka samaki mafungu mawili, moja ndani ya kikaushio, jingine kwenye mkeka wazi kama wafanyavyo mama zake ufukweni, akaufunika wavu kwa sababu ya shakwe. Monsieur Willy alikuwa amekubali jiko dogo liwashwe kwa sharti kwamba kuwe na ndoo ya maji karibu. Alipoona ndoo zinavyozidi kuja alisema sharti limetimizwa.

Wakaanza. Kina mama walipanga mstari chini ya turubai na juu ya ngazi, wakaimba, wakamwaga. Wimbo ulikuwa wa taratibu, na maji yakafuata wimbo.

“Bamaman, mutaniwia razi,” Mapendo akasema. “Hii ni mvula ya matanga. Uvira hainyeshake hivi. Inakuja na kasirani, inapiga, inaacha, unazani imeisha, inarudia.”

“Kama bwana yangu wa kwanza,” akasema mmoja kwenye ngazi.

“Njo vile, maman.”

Wakabadilisha wimbo. Sasa mvua ikawa na hasira. Ilipiga, ikaacha, kina mama wakanywa chai, ikarudi. Walikwenda kwa zamu hadi mchana, na kila baada ya muda Mapendo alifungua mlango mdogo wa jiko, akaongeza punje, akaweka kiganja kwenye ubao kupima joto, bila kumwangalia mtu. Mimi nilishika mwavuli juu ya jiko, ndiyo kazi pekee niliyoaminiwa siku hiyo. Maji yaliyobaki yalipita kwenye mfereji wa paa yakadondoka kwenye baraza la jirani, ambako watu wa ofisi nyingine walikuwa wanakunywa kahawa. Niliwaona wakitazama mbingu ya buluu, wakisogeza meza, wakitazama tena.

Saa tisa kamati ikapanda. Tuliwapa miavuli. Mjumbe kijana mwenye viatu vyeupe aliuliza kama upepo nao umezingatiwa. Nilipotafsiri, Maman Stéphanie alichukua kifuniko cha beseni akapepea kwa nguvu zote, kwanza kuelekea sanduku, kisha kuelekea yule mjumbe, hadi akasema ameridhika.

Mapendo alionyesha mkeka kwanza. Samaki wa pale walikuwa wamekuwa uji. Kisha akafungua kikaushio. Godelieve alichukua samaki mmoja, akamvunja karibu na sikio, akasikiliza, akamla pamoja na kichwa. Akatafuna bila haraka. Halafu akauliza swali ambalo mtu anayejua kazi yake ndiye huuliza.

“Na pumba zikilowa?”

Nikatafsiri. Niliona macho ya Mapendo yakienda kwenye jiko, kwenye mwavuli wangu, yakarudi. Angeweza kusema hazilowi.

“Zikilowa, tumekwisha,” akasema. “Jiko linazimika, samaki banaoza kama kwa mukeka. Mwaka jana ilitufikia. Njo maana ndani ya ombi niko na nyumba ya kuwekea pumba, juu ya miguu, kama sanduku. Bila ile nyumba, musinipe kitu.”

“Katika jina la Yesu hazitalowa,” akasema Maman Stéphanie kutoka kwenye ngazi.

Godelieve hakusubiri tafsiri ya hilo. Aliwachukua wenzake pembeni, karibu na taulo za Monsieur Willy. Hatukusikia kitu. Mapendo alisimama wima, mikono nyuma, maji yanamdondoka kwenye kola. Kina mama waliendelea kumwaga, kwa sababu hakuna aliyewaambia waache.

Godelieve alirudi. “Mwambie aanze na nyumba ya pumba,” akasema. “Halafu vikaushio. Vyote viwe tayari kabla ya mwezi wa tisa.”

Nilitafsiri. Mapendo alikaa juu ya gunia la mawe, akajifunika uso kwa kitenge cha mtu, na huko ndani ya kitenge nilimsikia akitaja majina ya wenzake mmoja mmoja, na la Bienvenu pia. Mvua ndipo ilipokoma.

Sikukaa tena kazini mwaka mzima baada ya hapo. Vijana mlionipokea mikoba nawaambia tu hili: siku kijana atakapofika kutoka mbali na kifaa chake, mwulizeni kwanza anaombea nini, ndipo muanze kumsaidia.

Mwezi wa kumi wa mwaka ule ule, Jumapili baada ya ibada, simu yangu ilileta sauti kutoka Uvira. Nilishindwa kusikia mwanzoni, kwa kelele ya mvua juu ya mabati. Niliiweka masikioni mwa kina mama, mmoja baada ya mwingine.

“Papa Déo, inanyesha tangu juzi,” ilisema sauti ya Mapendo. “Samaki banakauka. Jeunes bote ba kikundi beko hapa, hakuna mwenye alienda mulima. Usalimie bamaman sana. Ubaambie baache kwanza kuomba jua.”

Tulisimama tukashikana mikono. Maman Stéphanie alinitazama.

“Alors tuombe nini?”

“Hakuna, Maman. Tushukuru tu.”

“Paka kushukuru tu?”

“Basi.”

Akafumba macho. Alishukuru kwa mvua ya Uvira, kwa pumba zilizo kavu, kwa wale vijana walio hai, kwa Madame Godelieve ambaye si wa kanisa letu. Alipofika mwisho nilimsikia akivuta pumzi, kama mtu anayetaka kuongeza kitu kidogo tu, chenye siku na saa. Nikasema Amina.